Siri ya mparuzo: Kwa nini jino la kupandikizwa halifai kuwa laini mno

JINO likishang'olewa, mfupa uliokuwa umelishika hukosa kazi. Taratibu huanza kusinyaa, na katika muda wa miezi 12 ya kwanza taya kwenye pengo la gego linaweza kupoteza takriban nusu ya upana wake. Ndiyo maana mtu aliyekaa na mapengo kwa miaka mingi huonekana mashavu yake yamebonyea na kuzeeka kabla ya wakati.

Meno bandia ya kuvaa na kuvua hayaurejeshei mfupa kazi hiyo, kwa kuwa hukaa juu ya ufizi tu. Njia iliyobuniwa kuchukua nafasi ya mzizi wenyewe ni kupandikiza parafujo ndogo ya madini ya titani ndani ya taya, kisha jino bandia likafungwa juu yake.

Lakini taya halina gundi wala saruji. Parafujo hiyo hukazwa katika tundu lililochimbwa na daktari, na baada ya hapo kila kitu hutegemea iwapo mfupa utakubali kuota hadi uguse chuma na kukishika. Usipokubali, utando laini wa nyama hujitokeza kati ya viwili hivyo, parafujo hulegea, na mgonjwa hurudi alikoanzia, akiwa na pengo kubwa zaidi na mfuko mwepesi zaidi.

Kwa zaidi ya miaka 30 sasa watafiti wamebaini kwamba kukubali au kukataa huko hutokana kwa kiasi kikubwa na jambo ambalo jicho tupu haliwezi kuliona: namna uso wa titani ulivyoparuzwa kiwandani.

Kisa chenyewe kilianza kwa bahati. Mnamo 1952, mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mfupa wa sungura katika mji wa Lund. Alitumia kifaa kidogo cha titani kilichopenyezwa mguuni mwa mnyama huyo ili aweze kutazama kwa hadubini. Utafiti ulipokamilika alitaka kukitoa kifaa hicho akitumie tena, kwa sababu kilikuwa ghali. Kilikataa kutoka. Mfupa ulikuwa umekishika barabara.

Brånemark, ambaye baadaye alihamia Gothenburg, alitambua kwamba hakupata hasara bali uvumbuzi. Mwaka wa 1965 alimpandikiza mgonjwa wa kwanza aliyekuwa na kasoro ya taya. Parafujo hizo zilimfaa mgonjwa huyo kwa zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki mnamo 2006. Profesa mwenyewe aliaga dunia mwishoni mwa 2014.

Hali hiyo ya mfupa kushikana moja kwa moja na titani ndiyo iliyopewa jina la oseointegresheni, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mfupa. Wataalamu wengi wa wakati huo hawakuamini kwamba jambo hilo linawezekana. Ilichukua hadi 1982, katika kongamano lililofanyika mjini Toronto, Kanada, kwa madaktari wa Amerika Kaskazini kulikubali.

Parafujo za Brånemark zilikerezwa tu kwa mashine, kama fundi anavyokereza chuma chochote. Zilimetameta machoni, lakini chini ya hadubini zilikuwa na michirizi iliyoachwa na ncha ya kerezo, yenye vimo vya wastani visivyozidi maikromita moja hivi. Maikromita ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara 1,000. Unywele wa binadamu una unene wa maikromita 70 au zaidi kidogo.

Zilifanya kazi, na vizuri. Tatizo lilikuwa subira. Mgonjwa alilazimika kungoja miezi mitatu kwa taya la chini na hata miezi sita kwa taya la juu, parafujo ikiwa imezikwa chini ya ufizi, kabla ya kupewa jino la kutafunia. Mfupa wa taya la juu sehemu za nyuma ni mwepesi na wenye matundutundu mithili ya sifongo, na hapo ndipo parafujo laini zilipokuwa zikishindwa mara nyingi.

Jijini Bern, Uswisi, kundi la watafiti lililoongozwa na Profesa André Schroeder lilichukua njia tofauti tangu miaka ya 1970. Waliyeyusha unga wa titani kwa joto kali mno na kuupulizia juu ya parafujo hadi ukaacha matone yaliyoganda ovyoovyo. Uso ukawa wa kuparuza sana, na mfupa ukaushika.

Je, ni kiasi gani cha mparuzo kinachofaa? Jibu lililobadilisha biashara nzima ya meno lilichapishwa mnamo 1991 na Daniel Buser na wenzake wa Bern. Walichukua vipandikizi vya titani vilivyo sawa kwa umbo lakini vyenye nyuso tofauti, wakavipandikiza katika mifupa ya miguu ya nguruwe wadogo wa maabara, kisha wakapima ni sehemu gani ya kila kipandikizi iliyokuwa imeguswa na mfupa baada ya wiki tatu na baada ya wiki sita.

Vile vilivyong'arishwa vilipata kati ya asilimia 20 na 25 pekee. Vilivyopigwa kwa chembe kubwa za mchanga mgumu, pamoja na vile vya kupuliziwa titani, vilifika kati ya asilimia 30 na 40. Kisha kukawa na vile vilivyopigwa mchanga kwanza na baadaye vikatumbukizwa katika asidi kali. Hivi vilipata asilimia 50 hadi 60.

Kundi moja liliwapita wote, likiwa na asilimia 60 hadi 70. Nalo ni lile lililopakwa madini yanayofanana na yale ya mfupa wenyewe. Ajabu ni kwamba ushindi huo haukudumu: tabaka lile lilionyesha dalili za kuliwa na mwili, na mpako uliobanduka ni balaa mdomoni. Mchanga na asidi vikabaki uwanjani, na mwishoni mwa miaka ya 1990 vipandikizi vya aina hiyo viliingia sokoni kwa ahadi ya kupunguza muda wa kungoja kutoka wiki 12 hadi sita kwa mgonjwa mwenye mfupa mzuri.

Ili kuelewa sababu, msomaji na amfikirie fundi wa ujenzi anayetaka kupiga plasta kwenye ukuta wa zege uliotoka laini. Fundi mzembe atabandika tu, na baada ya miezi michache plasta yote itadondoka kwa vipande. Fundi anayejua kazi yake huchukua nyundo kwanza akauchokoachokoa ukuta ule hadi uwe na vijishimo. Plasta ikikauka humo, haitoki.

Ndani ya taya mambo huenda vivyo hivyo, ila plasta yenyewe ni hai.

Titani ikikutana na hewa hujifunika papo hapo kwa utando mwembamba sana wa oksidi, na ni utando huu, wala si chuma kitupu, unaogusana na mwili. Mara parafujo inapoingia tunduni, damu huilowesha. Protini za damu hutangulia kujibandika. Kisha damu huganda, na ndani ya damu iliyoganda mna wavu wa nyuzi nyembamba unaotoka kwenye ukuta wa mfupa uliochimbwa hadi kwenye titani. Nyuzi hizo ndizo daraja la seli zinazokuja kujenga mfupa mpya.

Seli hizo hutambaa kwa kuvuta nyuzi, kama mtu anayepanda mnazi kwa kamba. Profesa John Davies wa Chuo Kikuu cha Toronto ameeleza kwamba hapa ndipo uso laini unapoponza kazi: nyuzi zikivutwa hubanduka kutoka kwenye titani, daraja likakatika kabla ya seli kuvuka. Mfupa hubaki ukiota kutoka ng'ambo, yaani kutoka ukuta wa tundu, ukikisogelea kipandikizi polepole. Uso wenye vijishimo huzishika nyuzi zile, na seli zikafika hadi kwenye titani yenyewe na kuanza kujenga papo hapo. Ujenzi hutokea pande mbili kwa wakati mmoja, na bila shaka wanaojenga kutoka pande mbili hukutana mapema.

Majaribio yaliyofanywa kwa mbwa na watafiti wa Gothenburg, na matokeo yake kuchapishwa mnamo 2003 na 2004, yaliunga mkono maelezo hayo. Mwishoni mwa wiki ya kwanza mfupa mchanga ulikuwa umeanza kuonekana, na kwenye vipandikizi vilivyopigwa mchanga na asidi ulikuwa ukitandaa juu ya titani. Kwenye vilivyokerezwa tu, mfupa ulitambaa kutoka kwa ule wa zamani, na ulichelewa.

Kuna jambo jingine ambalo fundi wa plasta hana mfano wake. Seli za kujenga mfupa huhisi mahali zilipokanyaga. Utafiti wa maabara ulioongozwa na Barbara Boyan na Zvi Schwartz nchini Marekani tangu miaka ya 1990 ulionyesha kwamba seli zinazowekwa juu ya titani laini huzaana kwa wingi lakini hukawia kukomaa. Zikiwekwa juu ya titani ya kuparuza huzaana kwa uchache, zikakomaa na kuanza kutoa vitu vya kujengea mfupa. Maanake ni kwamba mchanga na asidi haviongezi eneo la kushikilia tu. Vinaziambia seli ni wakati wa kazi.

Ukitazama kipandikizi cha aina hiyo kwa hadubini yenye nguvu utaona mandhari ya ngazi mbili. Chembe za mchanga huacha mabonde yenye upana wa makumi ya maikromita, ambamo seli nzima inaweza kuketi. Ndani ya mabonde hayo asidi hutoboa vijishimo vya maikromita moja hadi tatu hivi. Mabonde hayo hayatofautiani sana na mashimo yanayoachwa katika mfupa wa kawaida na seli zile zinazoula mfupa mkuukuu ili upya ujengwe. Pengine ndiyo sababu seli za ujenzi huona kama zimefika nyumbani.

Ikiwa mparuzo ni mzuri, mbona usiongezwe zaidi? Watengenezaji wengine walifikiri hivyo, na walikosea. Ann Wennerberg na Thomas Albrektsson, watafiti wa Uswidi, walipima nyuso nyingi na kuzipanga katika madaraja manne. Uso wenye wastani wa chini ya maikromita 0.5 ni laini. Kati ya 0.5 na 1 una mparuzo mdogo. Kati ya 1 na 2 una mparuzo wa kadiri, na unaopita 2 ni wa kuparuza sana. Mfupa huitikia vizuri zaidi katika daraja la tatu, hasa karibu na maikromita 1.5. Ukizidisha hapo, faida hupungua badala ya kuongezeka. Nyuso zile za titani ya kupuliziwa, ambazo zilipita mbili, zimeachwa kwa sehemu kubwa, na vipandikizi vingi vinavyouzwa leo vimo katika daraja hilo la kadiri.

Baada ya kupata kiasi kinachofaa, viwanda vilianza kushindania kasi. Mojawapo ya mbinu ni kukihifadhi kipandikizi ndani ya maji ya chumvi mara tu kinapotoka kwenye asidi. Titani iliyokaa hewani hukusanya taka za kaboni zisizoonekana na ikaanza kuyakataa maji, kama jani la mgomba. Iliyohifadhiwa majini huvuta damu na kulowana mara moja.

Je, inasaidia? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, kutoka kwa watu waliojitolea kupandikizwa vifaa vidogo vilivyotolewa baadaye pamoja na mfupa uliovizunguka, yanatoa jibu la kuvutia. Siku ya 28, vifaa vya kupenda maji vilikuwa vimeguswa na mfupa kwa takriban asilimia 48, ilhali vya kawaida vilikuwa na asilimia 32. Siku ya 42, vyote vilikuwa na karibu asilimia 62. Kasi iliongezeka; mwisho wa safari ulikuwa mmoja.

Tofauti ya siku hizo chache si ndogo kama inavyoonekana. Parafujo inapokazwa siku ya kwanza hushikiliwa na mfupa wa zamani kwa nguvu za kubanwa tu. Katika wiki zinazofuata mwili huula mfupa ule uliojeruhiwa, na ule mpya haujakomaa. Kati ya wiki ya tatu na ya nne hivi mshiko hufikia kiwango chake cha chini kabisa. Mgonjwa haumwi tena, uvimbe umekwisha, naye hudhani amepona. Huo ndio wakati ambao kipandikizi kiko hatarini zaidi.

Kikitikiswa kupita takriban maikromita 150 wakati huo, mwili hujenga nyama badala ya mfupa. Hiyo ni kama unene wa nywele mbili. Hindi la kuchoma au mua uliotafunwa upande ule katika wiki ya tatu waweza kuharibu kazi ya maelfu ya pesa. Uso wenye mparuzo wa kadiri hauondoi bonde hilo la hatari. Hulifanya liwe fupi na lisiwe na kina kirefu.

Kwa hivyo matangazo ya meno yanayokamilika kwa siku moja yanafaa kusomwa kwa makini. Ni kweli kwamba daktari stadi anaweza, kwa mgonjwa anayefaa, kufunga jino la muda siku ile ile ya upasuaji. Kinachokamilika ni tabasamu. Mfupa una kalenda yake, na hakuna kiwanda kilichofaulu kuifuta.

Upande wa pili wa sarafu uko kwenye ufizi. Vijishimo vinavyoshika nyuzi za damu hushika pia bakteria. Maadamu uso ule umezama ndani ya mfupa, hakuna shida. Mfupa ukipungua au ufizi ukirudi nyuma, mparuzo hujitokeza mdomoni, utando wa bakteria ukajificha pale ambapo mswaki haufiki. Ufizi huvimba na kutoa damu, kisha mfupa uliojengwa kwa subira huanza kuliwa. Maradhi haya hayana uchungu mwingi mwanzoni, na huo ndio ubaya wake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba uso unaokaa mdomoni ukizidi mparuzo wa maikromita 0.2, utando wa bakteria huongezeka. Linganisha kiwango hicho na 1.5 inayopendwa na mfupa. Kipandikizi kimoja kinatakiwa kuwatumikia mabwana wawili wenye matakwa yanayopingana, na hii ndiyo sababu baadhi ya vipandikizi hutengenezwa vikiwa na shingo laini na mwili wa kuparuza.

Hatari yenyewe si ya kudhaniwa. Uchunguzi uliofanywa nchini Uswidi na kuchapishwa mnamo 2016 ulipata kwamba miaka tisa baada ya kupandikizwa, asilimia 14.5 ya wagonjwa waliochunguzwa walikuwa na ugonjwa huo katika kiwango cha kadiri au kikali. Mparuzo peke yake hauleti maradhi. Wanaovuta sigara, waliowahi kupoteza meno kwa ugonjwa wa ufizi na wasiosafisha kinywa ipasavyo wako katika hatari kubwa zaidi, na kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha uponaji wa kila kidonda, hiki kikiwemo.

Isisahaulike pia kwamba parafujo laini za Brånemark zilidumu miongo minne mdomoni mwa mtu. Katika taya la chini lenye mfupa mgumu, kwa mgonjwa asiyevuta sigara na mwenye subira, tofauti kati ya uso mmoja na mwingine ni ndogo. Mparuzo hudhihirisha thamani yake pale pagumu: mfupa mwepesi wa taya la juu, parafujo fupi, au mgonjwa ambaye hawezi kungoja miezi sita.

Nchini Kenya, huduma hii hupatikana zaidi katika kliniki za kibinafsi za miji mikubwa, na gharama yake ingali nje ya uwezo wa wananchi wengi. Anayemudu hupewa aghalabu bei ya jino zima bila kuelezwa ni kipandikizi gani kitakachotumika, ingawa soko lina bidhaa nyingi, nyingine zikiwa na utafiti wa miaka mingi nyuma yake na nyingine zikiwa na umbo la kuiga tu. Kwa macho haiwezekani kuzitofautisha, kwa kuwa kinachozitenganisha ni vijishimo vya maikromita mbili.

Kila kipandikizi halali hutoka kiwandani kikiwa na kibandiko chenye jina la mtengenezaji, kipimo na nambari ya toleo. Kibandiko hicho hupaswa kuwekwa kwenye faili ya mgonjwa, na mgonjwa ana haki ya kuomba nakala. Daktari mwingine akikiona, hata baada ya miaka kumi na katika mji mwingine, atajua uso uliomo ndani ya taya ni wa aina gani na ni bisibisi ipi itakayofungua jino lililo juu yake, maana vipuri vya kampuni moja mara nyingi haviingiani na vya nyingine.